PEDI NGENI ZISIMEZE MTAJI WA MWENYE KIBANDA

Biashara ya vibanda vya gemu imekwisha kutoka mijini na kuingia katika vituo vya barabarani. Msafiri anayeshika barabara ya Tabora kwenda Mpanda hupita Sikonge na kufika Ipole, ambako njia ya Rungwa inachepuka. Hapo ni mahali panapoishi kwa tumbaku, asali na watu wanaopita. Katika mahali kama hapo, runinga moja, PlayStation ya zamani na pedi mbili ni mradi unaoeleweka hata kwa mwenye mtaji mdogo: vijana wawili hulipia mchezo, anayefungwa anapisha, na foleni inaendelea.

Swali linalowakabili wawekezaji wa aina hiyo ni moja. Viwanda vya Japani na Marekani haviachi kuleta matoleo mapya ya michezo ya zamani, tena mengine ya ajabu ajabu, pamoja na pedi zisizofanana na zilizozoeleka. Je, mwenye kibanda afuate mkondo huo, au abaki na alichonacho? Jibu la soko ni kwamba abaki nacho mpaka mteja mwenyewe amsukume.

Hilo si jambo jipya katika njia hizi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipoondoka Tabora kuelekea Ujiji alizungukia kusini, kwa njia ya Ugunda na Ukonongo, kwa sababu ya vita vya Mirambo. Katika maelezo yake ya safari aliandika jinsi uchaguzi wa shanga ulivyoweza kumfilisi mwenye msafara. Shanga nyekundu za samesame zilikubalika Unyamwezi, nyeusi zilikuwa fedha Ugogo lakini hazina thamani kwingineko, na nyeupe zilizopendwa Ufipa zilidharauliwa Ukonongo. Mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amelipa wapagazi kumbebea mzigo uliododa. Aliyeamua rangi ni mnunuzi wa bara, si mtengenezaji wa ng'ambo.

Historia ya pedi inasema hayo hayo. Mwaka 1989 Marekani iliuziwa Power Glove, glavu ya kuchezea mashine ya Nintendo kwa kutikisa mkono. Ilivuta macho madukani, lakini wachezaji waliona haitii, nayo ikaachwa upesi. Microsoft ilileta Kinect mwaka 2010, kamera isiyohitaji pedi kabisa, na mwanzoni ikauzwa kwa kasi kubwa. Mwaka 2013 kampuni ililazimisha kila mnunuzi wa Xbox One aichukue, bei ikawa dola 499 wakati PlayStation 4 iliuzwa kwa dola 399. Wateja walinung'unika, na mwaka 2014 mashine ikaanza kuuzwa bila kamera hiyo. Magitaa ya plastiki ya Guitar Hero, yaliyoanza mwaka 2005, yalifuatiwa na matoleo mengi mno ya mchezo ule ule, na mwaka 2011 Activision ikafunga kitengo chake.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba kila kigeni ni hasara. Wii ya Nintendo ya mwaka 2006 ilikuja na pedi mfano wa rimoti ya runinga. Wachezaji wa siku nyingi waliicheka, lakini watu ambao hawakuwahi kushika gemu, wazee wakiwamo, waliielewa mara moja, na mashine zaidi ya milioni 101 ziliuzwa. Vivyo hivyo, Super Mario Bros. 2 iliyotoka Marekani mwaka 1988 ilitengenezwa kutokana na mchezo mwingine kabisa wa Kijapani, Doki Doki Panic. Mchezaji aliyezoea kukanyaga maadui alijikuta aking'oa mboga ardhini na kuwatupia. Ulishangaza, lakini ukapendwa na ukauzwa kwa mamilioni.

Lakini mwekezaji mdogo asisome nusu ya habari. Kampuni hiyo hiyo ya Nintendo ilipoleta Wii U mwaka 2012, ikiwa na pedi yenye kioo ndani yake, wateja wengi hawakuelewa kama ni mashine mpya au ni kifaa cha kuongezea ile ya zamani. Ziliuzwa kama milioni 13 na nusu tu. Nintendo ilikuwa na akiba ya kubeba pigo hilo na kurudi mwaka 2017 na Switch, ambayo imekwisha kupita milioni 150. Mwenye kibanda cha Ipole hana akiba ya namna hiyo. Akikosea mara moja, mtaji wa msimu mzima wa tumbaku umekwenda.

Aidha, hatari ya sasa haiko kwenye pedi peke yake. Mwaka 2021 Konami iliacha jina la Pro Evolution Soccer na kuleta eFootball. Mchezo ulitolewa bure kwa njia ya intaneti, lakini ulifika na kasoro nyingi, sura za wachezaji zikiwa zimepinda, na kampuni ikalazimika kuomba radhi. Kwa mlaji wa Ulaya hayo ni maudhi ya siku chache. Kwa kibanda cha barabarani ni jambo zito zaidi, kwani mchezo unaotegemea bando kila siku unaongeza gharama ambayo diski ya zamani haikuwa nayo. PlayStation 5 ya mwaka 2020 ina aina isiyopokea diski kabisa. Tena pedi za PlayStation 4, japo hukubali kuunganishwa nayo, haziwezi kutumika kwa michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya PlayStation 5. Anayenunua mashine hiyo ajue kwamba ananunua na pedi zake.

Ndiyo sababu PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, haijafa vibandani ingawa Sony iliacha kuitengeneza mwaka 2013. Mafundi wanaijua, vipuri hutolewa katika mashine mbovu, na pedi yake haihitaji kufundishwa. Kwa mfano, ikiwa pedi inanunuliwa kwa shilingi 20,000 na mchezo mmoja unatozwa shilingi 200, inahitaji michezo 100 kurudisha bei yake, kabla ya umeme na kodi ya chumba. Pedi ya bei mara nane inahitaji michezo 800, na kijiti chake kikilegea mapema, hesabu imevunjika.

Kwa hiyo anayetaka kuingia katika biashara hii apime mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Kwanza, je, yupo fundi wa Sikonge au Tabora anayeweza kuitengeneza pedi hiyo, au itakuwa ya kutupa? Pili, je, mashine itafanya kazi siku mtandao ukikatika? Tatu, je, ikikataliwa na vijana, yupo mtu wa kuinunua kwa mkono wa pili? Jibu likiwa hapana kwa mawili kati ya hayo, bidhaa hiyo iachwe kwa wenye mitaji ya kuchezea.

Pia ni vema kukumbuka kwamba kibanda kinachopokea watoto saa za masomo kinajitafutia kufungwa, hata kama pedi zake ni nzuri namna gani. Jina jema kwa wazazi na kwa serikali ya kijiji nalo ni mtaji.

Kigeni kinaweza kuja, na huenda kikaleta faida. Lakini kifike kwanza Dar es Salaam na Mwanza, kijaribiwe kwa fedha za wengine, bei ishuke, ndipo kipandishwe basi kwenda Ipole. Wafuga nyuki wa Sikonge wanajua kwamba mzinga hausifiwi kwa uzuri wa mbao zake. Husifiwa nyuki wakishaingia.