Tusiifiche Korije

Katika mji wetu wa Lubumbashi, karibu kila anayesoma hesabu au fizikia ana korije, na karibu kila anayefundisha masomo hayo anasema korije ni sumu. Kati ya pande hizi mbili hakuna mazungumzo. Mwalimu anaikamata, mwanafunzi anaificha chini ya dawati, na fotokopi nyingine inatolewa jioni ile ile. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si wa hesabu, na huenda wengine wakaniuliza ninatafuta nini katika shamba la wenyewe. Ninatafuta maneno. Kwa miaka miwili sasa ninawasaidia jioni wafinalisti wa humanite za sayansi mtaani kwetu. Nilianza na Kifaransa chao. Kisha nikaona kwamba Kifaransa hicho kinawasumbua zaidi katika karatasi za fizikia kuliko katika insha, ndipo tukaanza kusoma korije zao pamoja. Ninayoyasema hapa yametoka huko: korije isomwe mchana kweupe, na mwanafunzi afundishwe namna ya kuisoma.

Kwanza tutenganishe vitu. Sizungumzii majibu yanayouzwa usiku wa kuamkia Exetat, wala yale yanayopita katika simu asubuhi ya mtihani. Huo ni wizi na tunaujua kwa jina lake. Wala siitetei ile karatasi yenye namba ya swali na herufi ya jibu tu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya Exetat ni maswali ya kuchagua jibu, karatasi hizo zinanunuliwa sana, na vijana wanazikariri kama namba za simu. Mtu akikariri kwamba swali la 12 la mwaka fulani jibu lake ni herufi ya tatu, amejifunza nini? Korije ninayoisema ni ile inayoonyesha njia: tatizo, kanuni iliyochaguliwa, hatua baada ya hatua, mpaka jibu.

Korije ya namna hiyo inafanya kazi ambayo kwetu haina mtu wa kuifanya. Katika mwaka wa kwanza wa vitivo vya sayansi ukumbi unajaa mpaka wengine wanasikiliza somo wakiwa wamesimama dirishani. Asistanti mmoja anapokea rundo la karatasi ambazo hata akikesha hatazimaliza. Anachoweza ni kuandika 4/10 na kupiga mstari mwekundu. Mstari mwekundu unasema umekosa, hausemi ulipotea wapi. Ulipotea ulipochagua kanuni? Ulipohamisha herufi upande wa pili wa mlinganyo? Au ulipobadilisha kilomita kuwa mita? Mwanafunzi anarudi homu na karatasi yake, na hakuna wa kumwambia. Simlaumu asistanti. Lakini tukimwondolea mwanafunzi huyu na korije pia, tunamwachia nini?

Na tunamwondolea nani hasa? Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kijana ambaye yaya wake yuko Politekniki ana korije, na anaye pia mtu wa kumweleza mstari unaomshinda. Mwenye baba mhandisi vile vile. Anayelipiwa mwalimu wa nyumbani, ndiyo kabisa. Marufuku haimgusi hata mmoja wao. Anayeguswa ni yule wa Katuba ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusoma fizikia, anayesoma kwa taa ya simu umeme ukikatika, na ambaye alichangisha franka na wenzake watatu ili wapate fotokopi moja. Mwalimu mmoja ambaye sitamtaja aliichana fotokopi kama hiyo mbele ya darasa, akasema anawafundisha watoto kufikiri. Wale watatu wengine walikuwa bado hawajapata zamu yao ya kuisoma.

Wanaosema korije ni uvivu wa vijana wa leo wangepaswa kutazama nyuma kidogo. Mojawapo ya vitabu vya hesabu vya zamani sana ambavyo dunia inavyo ni cha Afrika, na ni korije. Ahmes, mwandishi wa Misri, alikinakili kwenye mafunjo miaka ya 1550 hivi kabla ya Kristo, naye mwenyewe alisema anakinakili kutoka maandiko ya zamani zaidi. Leo kiko London, katika British Museum. Ndani yake mna matatizo yapatayo 84, na mengi yamefanyiwa kazi mbele ya macho ya msomaji: namna ya kuwagawia watu 10 mikate michache, namna ya kupima ghala la nafaka, na mara nyingine namna ya kuhakikisha kwamba jibu ni sahihi. Makarani wa Misri hawakuachwa gizani wabahatishe. Sisi Wakongomani tunao mfano wa kinyume chake. Mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin karibu na pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, una alama zilizokatwa kwa mafungu katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Wengine wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, na ubishi haujaisha. Aliyezikata alama zile hakutuachia korije.

Najua jibu la walimu, na halina ujinga. Wanasema: anayesoma ufumbuzi anadhani ameelewa, kumbe ameona tu. Anatikisa kichwa kila mstari, kisha siku ya mtihani karatasi inabaki nyeupe. Ni kweli, nimewaona wengi wa namna hiyo. Huko ni kula kwa macho. Lakini watafiti wamelichunguza jambo hili, na walichokipata hakiungi mkono marufuku. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper, huko Australia, waliwapa wanafunzi wa aljebra mifano iliyokwisha kufumbuliwa waisome, na wengine wakapewa matatizo wahangaike nayo wenyewe. Walipopewa baadaye matatizo yanayofanana na yale, waliosoma mifano walifanya kwa haraka zaidi na kwa makosa machache zaidi. Anayeanza, akiachwa ahangaike peke yake, nguvu zake zote zinaishia katika kutafuta njia, na hazibaki za kuiangalia njia yenyewe. Miaka 4 baadaye, Marekani, Michelene Chi na wenzake waliwasikiliza wanafunzi walipokuwa wakisoma mifano ya fizikia. Waliofaulu walisimama katika kila hatua na kujieleza wenyewe kwa nini imefuata, na walijua ni wapi hawajaelewa. Waliokuwa dhaifu waliisoma mifano ile ile wakaona wameelewa. Kitabu kilikuwa kimoja kwa wote.

Kuna na upande mwingine ambao lazima niuseme. Mwaka 2003 Slava Kalyuga na wenzake walionyesha kwamba msaada huu, unaomfaa sana anayeanza, unapungua kadiri mtu anavyokomaa, na unaweza hata kuwa kizuizi. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayefungua korije kabla ya kushika kalamu sina la kumtetea. Lakini mwalimu anayesema naye kwa sheria ile ile anayomwekea wa mwaka wa kwanza hajaangalia nani amekaa mbele yake.

Sasa nirudi kwenye shamba langu. Korije ni maandishi, na kwetu ni maandishi ya Kifaransa, mafupi, makavu, yaliyojaa maneno madogo ambayo hakuna anayeyafundisha. Chukua jiwe linaloanguka kutoka mita 20. Korije itaandika hivi: « Soit t la durée de la chute. On a h = ½gt². Or h = 20 m et g = 10 m/s², d'où t² = 4, soit t = 2 s. » Mwalimu wa fizikia anaona kanuni moja na jibu moja. Mimi naona mitego minne. « Soit » ya kwanza maana yake ni « tuseme » au « tuite ». « Soit » ya mwisho maana yake ni « yaani ». Neno ni lile lile, katika mistari miwili, na kazi ni mbili tofauti. Tena katika darasa la Kifaransa mwanafunzi alifundishwa kwamba « soit… soit… » ni « ama… ama… ». « D'où » aliijua kama swali: unatoka wapi? Na « or »!

Binti mmoja ninayemsaidia, mwenye akili nyingi kuliko mimi katika hesabu, aliniuliza dhahabu imeingiaje katika kuanguka kwa jiwe. Wenzake walicheka, lakini nilipowauliza wao maana yake, wakanyamaza wote. Wamekuwa wakiiandika « or » miaka mitano kwa sababu mwalimu anaiandika. Nikamwambia: hapa ni kama mtu anayesema « na tena tunajua kwamba ». Akatulia, akausoma mstari upya, kisha akauliza swali ambalo korije ile haikulijibu: kama t kwa kipeo cha pili ni 4, mbona hawaitaji −2? Tukaanza kubishana kwa Kiswahili, watu watano mezani, mpaka mmoja akasema muda tunauhesabu kuanzia jiwe linapoachiwa, na −2 ingekuwa sekunde mbili kabla halijaachiwa. Walikuwa wakifanya fizikia, tena nzuri, na karatasi iliyowafikisha pale ni ile inayochanwa.

Sisi wa lugha tunalelewa kwa korije tangu siku ya kwanza. Katika somo la tafsiri kila mtu anafanya yake, kisha Profesa anaandika yake ubaoni, nasi tunalinganisha: kwa nini amechagua neno hili, kwa nini ameigeuza sentensi. Hakuna anayeita hilo udanganyifu, maana kila mtu anakuja na karatasi yake mkononi. Ninawataka vijana wa mtaani wafanye vile vile. Kwanza jasho lako, hata kama ni nusu ukurasa uliokufa njiani. Kisha korije, ukiifunika kwa karatasi na kuishusha mstari mmoja mmoja. Kisha uifunge na uandike yote upya, na umweleze mwenzako kwa lugha mnayogombana nayo nyumbani. Hatua usiyoweza kuisema kwa Kiswahili, huna bado. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisimamia zaidi, na ndiyo inayopingwa zaidi, maana kuna wanaoona kwamba Kiswahili kikiingia katika fizikia kinaichafua.

Kwa vitivo vya sayansi nina ombi dogo. Korije za mazoezi ziwekwe maktabani, wiki moja baada ya zoezi kutolewa, kwa wote. Na katika mtihani liwepo swali moja la namna hii: huu ni ufumbuzi kamili, una kosa mahali fulani, litafute na ulieleze. Aliyekariri ataonekana, na asistanti atasahihisha mistari mitatu badala ya kurasa tatu.

Kwa kitivo chetu nina ombi kubwa zaidi, nalo ni kazi. Nimeanza daftari la maneno madogo ya korije. Mpaka sasa nina 31, kila moja na maana zake katika hesabu na mfano wake, na Kiswahili chake pembeni. « Il vient » bado imenishinda. « Inakuja » haitoshi, na « tunapata » inasahau kwamba hakuna aliyetafuta. « Quel que soit » ninayo maneno matatu na sijaridhika na hata moja. Wenzangu wa Tshiluba na wa Lingala, nawaachieni nafasi mbili tupu katika kila ukurasa. Niko maktabani Jumanne na Alhamisi mchana, meza ya karibu na kamusi.