Tamasha la nani, kwa hela ya nani?

Wiki hii niko Simbo, pale barabara ya Ilagala na Kalya inapoiacha njia kuu ya Kigoma. Kwa msiopajua: hapa si mjini. Sisi tuko Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, na Manispaa ya Kigoma Ujiji ni jirani yetu. Ila kila linapofanyika tamasha la "kutangaza utalii" huko mjini, ngoma zinatoka huku, mawese yanatoka huku, na watu wa kujaza uwanja nao wanatoka huku. Nadhani nina haki ya kusema mawili matatu.

Nataka kuuliza swali ambalo kwenye mikutano ya waandishi huwa halina nafasi, maana muda wote unaliwa na utambulisho wa wageni. Hela ya matamasha haya inatoka wapi, na ikishatoka inabaki kwa nani?

Kila aliyeishi mji wowote mdogo wa Bongo anaujua utaratibu. Wiki sita kabla ya siku yenyewe inaundwa kamati. Kamati inaandika barua: "Yah: Ombi la mchango." Barua inakwenda benki, kampuni ya simu, kituo cha mafuta, gesti, mpaka kwa yule jamaa anayeuza mabati na misumari. Mwenye gesti hatoi kwa mapenzi ya utalii. Anatoa kwa sababu aliyemletea barua ana rafiki anayekagua leseni. Hela hiyo haionekani kwenye bajeti ya mtu yeyote, na kwa kuwa haikuingia kwenye kitabu, haina mkaguzi. Inageuka fulana, kofia, jukwaa, jenereta, mafuta ya msafara na chakula cha meza kuu. Asubuhi yake mji unaamka na chupa tupu za maji.

Baba yangu mdogo ni mpiga ngoma. Miaka ya karibuni kundi lao liliitwa kwenye tamasha moja ambalo sitalitaja. Walifika saa 2 asubuhi. Mgeni rasmi akafika saa 8 mchana. Ratiba ikawa imebana, wakapewa dakika 7. Malipo yalikuwa soda na nauli ya kwenda, ya kurudi wakaambiwa "tutawasiliana". Na ule ulikuwa wakati wa palizi ya mpunga. Nilipomuuliza alionaje, hakulalamika hata kidogo. Alisema tu kwamba ngoma yao ni ya dakika arobaini, dakika saba ni kukohoa.

Sasa tuangalie mfuko wa mji wenyewe. Sensa ya 2022 iliikuta manispaa ikiwa na watu zaidi ya 230,000. Mapato yake ni yale ya kawaida: masoko, stendi, mialo, leseni, ushuru wa huduma na ushuru wa nyumba za kulala wageni. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, haikusanywi tena na mtu wa halmashauri anayebisha hodi. Katika mapato ya ndani, sheria ya 2018 inataka asilimia 10 iende kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukitoa hapo mishahara ya vibarua, taka, dizeli ya magari na posho za vikao, kinachobaki kwa ajili ya kuvuta wageni unaweza kukibeba kwenye bahasha.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kiingilio cha Gombe hakiingii manispaa. Hifadhi ile, iliyotangazwa 1968, iko chini ya TANAPA, na hela yake inafuata njia za serikali kuu. Hata sokwemtu wenyewe si wa manispaa! Vijiji vinavyopakana nao, Mwamgongo na Mtanga, viko halmashauri yetu sisi wa wilaya. Mgeni akishuka uwanja wa ndege, akapanda boti moja kwa moja, akawaona sokwe, akageuza, mji umepata nini? Nauli ya teksi labda, na chupa ya maji.

Kwa hiyo mji huu hauishi kwa idadi ya watalii. Unaishi kwa usiku. Mgeni akilala usiku mmoja Kigoma anakula migebuka, anapanda bajaji, analipa chumba, na ushuru wa chumba unaingia halmashauri. Akilala usiku wa pili anakwenda Ujiji. Usiku wa tatu anaanza kuulizia Mahale. Tamasha linalogharamiwa na mji lipimwe kwa kipimo hicho: limeongeza vitanda vingapi vilivyolaliwa, na kwa siku ngapi? Fulana ngapi ziligawiwa si hesabu.

Hapa najua nitasutwa. Mtasema mbona tumeshakuwa na mambo makubwa? Kweli. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika kama Kigoma All Stars na wimbo wao wa Leka Dutigite, na kwa mara ya kwanza jina la mkoa likasemwa redioni bila neno "wakimbizi" kulifuata. Mwisho wa Desemba 2019 Diamond alikuja kwa treni kusherehekea miaka 10 ya muziki wake Uwanja wa Lake Tanganyika. Mji ukajaa. Sina neno baya juu ya hayo, na mwenye chumba wakati ule alicheka. Shida yangu ni Januari. Tukio linalotegemea ratiba ya msanii haliwezi kupangiwa biashara. Mama anayeuza dagaa wa kukaanga hawezi kuchukua mkopo leo kwa kutegemea kwamba Diamond atapata hamu ya kurudi nyumbani.

Wenzetu wanafanyaje? Moshi wana Kilimanjaro Marathon tangu 2003. Inabebwa na waandaaji binafsi na wadhamini wao, na inakuja kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mwenye hoteli Moshi anaijua tarehe kabla hajajua ada ya shule ya mwanawe. Lamu wana tamasha lao lenye mashindano ya punda na ya majahazi. Hawakukodi punda kutoka mahali, punda ndiyo daladala zao. Na pale Bujora, nje kidogo ya Mwanza, Wasukuma wana Bulabo. Bagika na Bagalu wanashindana kucheza, na ushindani wao ndio unaovuta watu. Hakuna barua ya mchango inayoweza kununua ushindani ule.

Zanzibar inafundisha upande wa pili. Sauti za Busara ilianza 2004, ikawa kubwa, ikajaza Mji Mkongwe mwezi wa Februari ambao ungeweza kupooza. Ilitegemea mno wafadhili wa nje. Mwaka 2016 haikufanyika, hela haikutosha. Hoteli zilizokuwa zinavuna kila Februari zilikaa zikiangaliana. Ilirudi 2017, lakini nadhani kila mji mdogo unaoota tamasha ungeuchunguza mwaka ule mmoja uliokosekana: waliofaidika walikuwa wengi, waliochangia walikuwa wachache, na hakukuwa na njia ya lazima ya kurudisha sehemu ya faida kwenye chanzo chake.

Njia hiyo ipo sehemu nyingine. Kule Texas, Marekani, miji midogo, mingine haifikii hata Kasulu, inakusanya ushuru kwa kila chumba cha hoteli. Sheria ya jimbo inasema hela ile isiguswe ovyo. Lazima itumike kwa jambo linalovuta wageni na kusaidia biashara ya hoteli. Mwenye tamasha anaomba mapema, anaeleza atafanya nini, na miji mingi inamtaka baadaye arudi na hesabu ya vyumba. Sisemi tuwe Texas, jamani. Nasema ushuru wa nyumba za kulala wageni tunao tayari. Kinachokosekana ni kutenga sehemu yake, hata ndogo, ikaitwa kwa jina lake, ikakaa kwenye kasma yake, na barua za mchango zikafa.

Na tarehe tunayo. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall alishuka ufukweni Gombe akiwa na mama yake. Tangu 2018 tarehe hiyo ni Siku ya Sokwemtu Duniani, inakumbukwa London na Chicago na watu ambao hawajawahi kuonja mgebuka. Bibi yule alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na jina lake sasa litavuta watu kuja kuona mahali alipoanzia. Julai ni kiangazi, njia za Gombe zinapitika. Hatuhitaji kubuni kitu.

Lakini sababu yangu kubwa kuhusu Julai haiko kwa sokwe, iko Kibirizi. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Nchi za ziwa hili zilikubaliana juu ya majira hayo. Mimi siipingi hatua yenyewe, dagaa walikuwa wanapungua na kila mvuvi mkweli anajua. Ila tazama inavyofanya mfukoni. Mvuvi hana kazi, mwanikaji wa dagaa hana kazi, mbeba mizigo mwaloni hana kazi, na halmashauri nayo inapoteza ushuru wa mwalo. Mitumbwi imelala mchangani, injini zimefungwa turubai. Katikati kabisa ya njaa hiyo kuna tarehe 14 Julai!

Mashindano ya mitumbwi yanahitaji nini? Mitumbwi na watu wenye misuli. Wote wapo, na mwezi huo hawana shughuli. Kuwapeleka wageni kuona machweo kunahitaji boti lenye majaketi ya kuokolea. Kupika samaki wa mabwawani au kuku wa mawese kunahitaji akina mama ambao tayari wana majiko. Milioni chache zikilipwa pale kama ujira, kwa risiti, zinalala kwenye nyumba za Kibirizi na Katonga wakati nyumba hizo hazina kitu. Milioni hizohizo zikilipwa kwa jukwaa la kukodi kutoka Dar zinapanda basi na kurudi Dar.

Ujiji nayo ina Novemba yake. Stanley aliandika kwamba alimkuta Livingstone tarehe 10 Novemba 1871, ingawa wanahistoria wanabishana naye kuhusu siku. Mnara upo, miembe ipo. Binafsi nimechoka kidogo na hadithi ya Wazungu wawili kusalimiana. Ujiji ilikuwa kituo cha njia ya misafara iliyoishia Bagamoyo, watumwa na pembe za ndovu vilipita hapo, na wajukuu wa waliopita bado wanaishi mitaa ileile na wanasimulia vizuri kuliko bango lolote. Kuwalipa wazee wanne wasimulie jioni moja ni bei ya kofia za kamati.

Kuna rafiki yangu mwalimu, anafundisha huku, ameniambia usoni kwamba ninapoteza wino. Shule yake haina madawati ya kutosha, halafu mimi nataka halmashauri ilipe watu wakapige makasia. Namwelewa, na kama ningeona hela ya matamasha ikizuiwa na kugeuzwa madawati ningenyamaza. Sijaona. Hela inatoka vilevile, ila inatokea mlango wa nyuma, kwa barua ya mchango, kwa "mafuta ya gari", kwa posho. Ikitokea mlango wa mbele, mwalimu yule anaweza kuiona na kuipinga kwenye kikao kwa namba. Hiyo ni bora kwake kuliko kwangu.

Wala uwazi si jambo la kuagiza ng'ambo. Mwaka 2016 manispaa hii ya Kigoma Ujiji ilichaguliwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 duniani zilizoanza majaribio ya mpango wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Kigoma, mwisho wa reli, katika orodha moja na Paris! Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa kwenye mpango ule. Lakini kubandika karatasi moja ukutani, kwamba tumekusanya kiasi hiki kwenye gesti, tumempa fulani kiasi hiki, vyumba vilivyolaliwa ni hivi, hakuhitaji uanachama wa kitu chochote.

Na sisi wa Simbo? Nimesema sokwe wako kwenye halmashauri yetu na vitanda viko ya jirani. Njia ya gari kwenda Buhingu, upande wa Mahale, inapita hapa mbele ya duka ninapoandikia. Halmashauri mbili zikitaka zinaweza kukaa na kukubaliana kwenye kurasa mbili: nani anatoa nini, kundi gani la ngoma linalipwa shilingi ngapi, kwa dakika ngapi. Dakika arobaini ziandikwe wino.

Kuna kikwazo kimoja cha kiofisi ambacho nimekifuatilia. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Tarehe 14 Julai hela ya mwaka mpya inakuwa bado haijatulia kwenye akaunti, na hapo ndipo barua za michango hupata kisingizio. Maana yake, gharama za Julai lazima ziingizwe kwenye bajeti ya mwaka unaotangulia na malipo ya awali yafanyike kabla ya 30 Juni. Vikao vya bajeti huanza miezi mingi kabla ya hapo, kuanzia ngazi ya kata. Diwani wako anavijua tarehe zake. Kama uko Mwanga, Gungu, Katonga au huku Simbo, mpigie umuulize kikao ni lini, na kama kuna mstari wa utalii kwenye makisio.