Mikono Yetu Wodini



Akina mama wengi tuna desturi nzuri ya kwenda hospitali kuwatazama wagonjwa. Tunabeba uji, matunda na sabuni. Tukishamsalimu mgonjwa wetu, tunapita kitanda hadi kitanda, tunawashika wengine mikono na kuwaombea. Je, umewahi kujiuliza mikono hiyo inabeba nini kutoka kitanda kimoja hadi kingine?

Hebu tumfikirie mama aliyejifungua kwa upasuaji. Siku ya nne kidonda kinatoa usaha na homa inapanda. Anachomwa sindano, homa haishuki. Anabadilishiwa dawa, hali ni ile ile. Ndugu wanaanza kunong'ona kwamba dawa ni mbovu, au kuna mkono wa mtu. Kumbe huenda bakteria walioingia kidondani ni sugu, yaani hawafi tena kwa dawa hizo.

Usugu huanzaje? Antibayotiki huua bakteria, lakini kati yao huweza kuwapo wachache ambao dawa ile haiwadhuru. Wenzao wanapokufa, hao hubaki na kuzaana. Wengine huweza hata kuwagawia bakteria wa aina nyingine usugu wao. Basi kila mara tunapomeza dawa hizo bila sababu, kwa mfano kwa mafua, tunawapa nafasi. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi.

Hospitalini hatari ni kubwa zaidi. Wagonjwa wengi wamo katika dawa hizo, nao wana vidonda, dripu na mipira ya mkojo. Hiyo yote ni milango ya bakteria kuingia mwilini.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mwaka 2001 na 2002, watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 1,800 waliolazwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kati ya waliougua malaria, watoto 20 hivi katika kila 100 walifariki. Kati ya waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu-hasi katika damu, walifariki 43 hivi katika kila 100. Waliotibiwa kwa dawa ambayo bakteria wao walikuwa sugu kwayo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa dunia nzima, wataalamu wanakadiria kuwa usugu huu uliua watu milioni 1.27 mwaka 2019, na mmoja katika kila watano alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5.

Tufanye nini, akina mama?

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mgonjwa na baada ya kumshika. Ukienda kitanda kingine, nawa tena.

2. Usikae juu ya vitanda vya wagonjwa. Beseni, taulo na kikombe cha mgonjwa wako visiazimwe.

3. Usiguse kidonda, dripu wala mpira wa mkojo. Mwachie muuguzi.

4. Mweleze daktari kila dawa mgonjwa aliyotumia nyumbani, hata ile uliyoona aibu kuitaja.

5. Homa isiposhuka, uliza kwa upole kama usaha au damu inaweza kupimwa ili ijulikane ni dawa gani itakayofaa.

6. Nyumbani, usinunue antibayotiki bila kuandikiwa, wala usimgawie jirani zilizobaki. Ukiandikiwa, meza kwa kipimo na kwa siku ulizoambiwa.

Dada mpendwa, tusiache kuwatembelea wagonjwa wala kuwaombea. Ila Jumapili ijayo, pamoja na uji na matunda, tubebe kipande cha sabuni na chupa ya maji. Mama yule wa kitanda cha pili naye ana watoto wanaomngoja nyumbani.