TUIJUE NASABA YA MBEGU KABLA YA KUTOA ARDHI

Katika nchi ya wakulima, mbegu ni jambo la siasa. Mwenye kushika mbegu ameshika shamba, na mwenye kushika shamba ameshika chungu cha mkulima. Ndiyo maana leo tumeona inafaa tuuzungumzie mmea ambao wananchi wa mikoa ya Pwani na Lindi wanaufahamu vizuri, na baadhi yao wanaufahamu kwa uchungu. Mmea huo ni mbono kaburi.

Mbono si mgeni machoni petu. Wazee wetu waliupanda kuzunguka nyua ili mifugo isipenye, wakaupanda na makaburini uwe alama ya waliotutangulia, na ndiko lilikotoka jina lake. Mbuzi hawauli, ukame hauumalizi, na mbegu yake ina mafuta yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake. Kwa miaka mingi faida yake ilikuwa uzio, dawa na sabuni.

Katikati ya miaka ya 2000 bei ya petroli ilipanda duniani, na nchi za Ulaya zikajiwekea shabaha ya kuchanganya mafuta ya mimea katika dizeli. Ghafla mbono ukaitwa dhahabu ya kijani. Katika Wilaya ya Kilwa kampuni moja ya Kiholanzi ilipata kiasi cha hekta 34,000. Katika Wilaya ya Kisarawe kampuni ya Kiingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka katika vijiji 11. Wananchi waliambiwa kwamba mmea huu huota katika ardhi duni, hautaki maji mengi, wala haushindani na chakula. Kufikia mwaka 2011 kampuni zote mbili zilikuwa zimekwisha simamisha kazi. Vibarua walibaki bila ajira. Na ardhi iliyokwisha hawilishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, hairudi kijijini kwa sababu tu mwekezaji amefilisika.

Mengi yamesemwa juu ya mkasa huu. Yamesemwa ya fidia, ya mikataba, na ya upungufu wa fedha uliofuata msukosuko wa uchumi wa dunia wa mwaka 2008. Yote hayo ni kweli na hatuyapingi. Lakini liko swali moja ambalo halijapewa uzito unaostahili: mbegu iliyopandwa katika mashamba yale ilikuwa ya nasaba gani?

Swali hili sasa lina majibu, kwa kuwa sayansi imetupa chombo cha kulijibia. Kila kiumbe chenye uhai kimebeba ndani ya chembe zake maandishi ya vinasaba, yaani DNA. Mimea miwili ya aina moja hufanana katika sehemu kubwa ya maandishi hayo, ikahitilafiana mahali hapa na pale. Mahali penye hitilafu ndipo panapoitwa alama ya vinasaba. Mtaalamu huchukua jani, akalisaga na kutenga vinasaba vyake, kisha akavinakili vipande maalumu mara mamilioni kwa njia iliyobuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Kary Mullis. Vipande hivyo hupitishwa katika jeli kwa nguvu ya umeme. Vifupi hutangulia, virefu hubaki nyuma, na mistari ikajitokeza. Mimea yenye mistari ile ile ni ndugu wa karibu, na yenye mistari mbalimbali ni ya koo mbalimbali.

Ubora wa njia hii ni kwamba haidanganywi na sura. Mbono uliopandwa penye rutuba na maji utaneemeka, na ndugu yake aliyepandwa mchangani atadhoofu, hata mpita njia akadhani kuwa ameona mbegu bora na mbegu mbaya. Jicho husoma dhahiri. Alama za vinasaba husoma batini, nayo batini haibadilishwi na mbolea wala mvua.

Basi wataalamu wamesoma nini? Mwaka 2007 Basha na Sujatha wa India walitangaza matokeo ya kupima mibono 42 iliyokusanywa katika sehemu mbalimbali za nchi yao, pamoja na mmoja usio na sumu uliotoka Mexico. Mibono ya India ilionekana kufanana sana, na ule wa Mexico ukajitenga peke yake. Uchunguzi uliofanywa China mwaka 2008 ulionyesha hali hiyo hiyo. Mibono ya Afrika nayo ilipopimwa ilikutwa kuwa jamaa wa karibu wa ile ya Asia. Tofauti nyingi ziko Mexico, hasa katika jimbo la Chiapas. Na mwaka 2011 wataalamu wa Japani walichapisha usomaji wa kwanza wa sehemu kubwa ya maandishi yote ya mmea huu.

Sababu ya kufanana huko ni historia. Mbono asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Inasadikiwa kwamba Wareno ndio walioupitisha katika visiwa vya Cape Verde, na kutoka huko ukasambaa Afrika na Asia. Visiwa hivyo baadaye vilikuwa vikipeleka mbegu za mbono Lisbon na Marseille kutengenezea sabuni. Mbegu zilizovuka bahari zilikuwa chache. Tena mmea huu hupandwa sana kwa vipandikizi, na kipandikizi ni nakala ya mama yake. Hivyo mibono ya mabara mawili ni wajukuu wa jamaa moja ndogo.

Kwa mkulima, maana ya jambo hili ni nzito. Kwanza, kuteua mbegu bora ni kuchagua kati ya vitu vinavyotofautiana. Pasipo tofauti, hakuna cha kuchagua. Mtu aliyeahidi mavuno makubwa kwa kuteua miongoni mwa mibono yetu hii alikuwa na nafasi finyu mno ya kutimiza ahadi yake. Pili, shamba la maelfu ya hekta lenye mimea ya ukoo mmoja ni karamu kwa mdudu au ugonjwa mmoja utakaoupata udhaifu wa ukoo huo. Tatu, mashudu ya mbono wetu yana sumu, hayafai kulishia mifugo. Kumbe katika baadhi ya sehemu za Mexico, kama Veracruz na Puebla, iko mibono ambayo mbegu zake watu huzikaanga wakazila. Alama za vinasaba zinaweza kusaidia kuutambua mche wa jamii hiyo tangu ungali mchanga, pasipo kungojea matunda.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, na kwamba mkulima wetu anahitaji jembe, mbolea na barabara. Sisi tunasema mkulima anavihitaji vyote hivyo, na pia anahitaji kutodanganywa. Kupima majani ya mibono mia moja ni kazi ndogo sana ikilinganishwa na kufyeka msitu. Wala si lazima tuombe kila kitu ng'ambo. Tunayo maabara ya bayoteknolojia katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, tunacho Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, na tunayo benki ya mbegu za taifa Arusha.

Wala hatusemi kwamba maabara ichukue nafasi ya shamba. Alama za vinasaba hutaja ukoo, hazitaji magunia. Mavuno hupimwa kwa kupanda, kungoja na kupima. Ndugu zetu wa Kenya walipowauliza wakulima na kupima mashamba, taarifa iliyotolewa mwaka 2009 iliwashauri wakulima wadogo wasipande mbono ila kama uzio. Ushauri huo ulirudi mahali pale pale walipokuwa wazee wetu.

Somo hili halikwishi kwa mbono. Leo Mkoa wa Kigoma unahimizwa kufufua mchikichi, zao la chakula ambalo mafuta yake pia huendesha mitambo. Mchikichi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuonyesha tunda lake. Mkulima aliyeuziwa mche usio wa aina iliyoahidiwa hujua hasara yake akiwa amekwisha poteza miaka hiyo. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Malaysia na wenzao walikitambua kinasaba kinachoamua unene wa ganda la kokwa, na tangu hapo inawezekana kujua kwa jani la mche kama ni wa ganda nene, ganda jembamba au usio na ganda. Hapo sayansi inamlinda mkulima moja kwa moja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Mwekezaji yeyote wa zao la nishati alete mbegu yake ipimwe nasaba na ijaribiwe shambani katika vituo vyetu, kabla ya kijiji kutoa hata hekta moja. Mibono na mimea mingine ya mafuta iliyopo nchini ikusanywe, ipimwe na kuhifadhiwa. Na tukihitaji mbegu kutoka nchi ya asili yake, tuiombe kwa mapatano ya haki yanayofuata Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, kama ambavyo tungependa wengine waombe vya kwetu.

Azimio la Iringa la mwaka 1972, Siasa ni Kilimo, lilihimiza kilimo bora, na hakuna kilimo bora juu ya mbegu isiyojulikana. Viongozi wa Chama na Serikali katika vijiji wanapokaa na mgeni anayetaka ardhi, pamoja na kumwuliza ana fedha kiasi gani, wamwulize mbegu yake imetoka wapi na nani ameipima. Akikosa jibu, na aendelee kutafuta jibu huko huko, ardhi itamngoja.