Pima ajira Machi, si Novemba
UPEPO WA KUSI, na Zuhura Mnali

Novemba huwadanganya wafanyabiashara wa mkoa wetu wa Lindi. Minada ya korosho imechangamka, fedha zinaingia kwa wakulima, na dukani kila mtu anataka bati, simu na vitenge. Mwenye duka aliyepunguza watu wakati wa shida anaona foleni, anajiambia mambo yamekaa sawa, anaita vijana watatu. Ikifika Machi, mvua inapiga, mkulima hana kitu, na vijana wale wale wanaambiwa wakasubiri nyumbani.

Kwa hiyo anayejiuliza kama wakati wa kuajiri tena umefika, aitazame biashara yake Machi. Korosho imeshauzwa na kuliwa, ufuta ungali shambani. Mauzo ya mwezi huo ndiyo yanayobeba mshahara wa mwaka mzima. Yanayozidi hapo ni ya msimu, nayo yalipe watu wa msimu: deiwaka wa kupakia mizigo, msaidizi wa jikoni, wakijua tangu mwanzo kazi inaanza lini na inakwisha lini.

Somo hili tulipewa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi upande wa Somanga. Mabasi yalilala njiani. Samaki wa barafu hawakusafiri, na wageni wa kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani hawakufika. Biashara iliyokuwa na mishahara mingi kuliko akiba ilibanwa ndani ya siku chache.

Wengine wanaajiri kwa habari. Makubaliano ya awali ya mradi wa gesi wa Likong'o yalisainiwa Juni 2022. Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko liliwekwa Septemba 2023. Ni habari njema, lakini habari njema si oda. Mwenye nyumba ya wageni aajiri kwa vyumba vinavyolala watu, asiajiri kwa wageni wa kwenye hotuba.

Kisha apige hesabu kamili. Mshahara wa shilingi 300,000 haumgharimu mwajiri 300,000. Kuna asilimia 10 yake ya NSSF, yaani 30,000, na nusu asilimia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, 1,500. Jumla ni 331,500 kwa mwezi, bado likizo ya siku 28 yenye malipo. Miezi mitatu inakaribia milioni moja. Kama fedha hiyo haipo pembeni, isiyoguswa na mtaji, bado mapema. Tena mfanyakazi akishapita miezi 6 kazini, sheria inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha. "Kesho usije" haitoshi.

Hata hivyo, ngojangoja nayo ina hasara yake. Mtazame mama ntilie wa karibu na soko la samaki anayefanya kila kitu peke yake. Anageuza chapati, anaitwa kupokea hela, akirudi chapati imeungua. Saa saba mchana sufuria ya wali ni tupu na watu bado wanakuja. Wanachungulia, wanakwenda kwa jirani. Ikitokea siku moja ya mnada, ni bahati. Ikitokea wiki baada ya wiki, masika hayo hayo, mama huyo tayari anamlipa msaidizi ambaye hajamwajiri: anamlipa kwa wateja anaowapoteza.

Hapo aajiri, na aanze na mmoja. Wa kwanza kuitwa awe yule aliyeondolewa wakati wa shida, maana jiko analijua na wateja wanamjua. Apewe mkataba wa maandishi, na mshahara wake wa kwanza uwepo kabla hajavaa aproni.