Acheni kununua majina, nunueni valvu

Sijaandika hapa kwa wiki tatu na sababu ni moja: nilikuwa na hasira, na mtu akiandika kwa hasira huandika upuuzi. Sasa wiki tatu zimepita na hasira bado ipo, basi acha niandike tu.

Nilimtembelea rafiki yangu Makongeni, Thika. Akanipeleka kwa shosho wake nikaone "hazina". Hazina yenyewe ni redio-gramu ya mwisho wa miaka ya 1950: kabati la mbao, redio upande mmoja, sahani ya santuri chini ya kifuniko, kitambaa cha rangi ya dhahabu mbele ya spika. Mpaka wiki hiyo ilikuwa bado inaongea. Nilipofika ilikuwa imenyamaza, kwa sababu rafiki yangu alikuwa ameifungua mgongo, akang'oa valvu zote na kuzipanga juu ya gazeti kama mayai. Alikuwa anatafuta ECC83 za priampu anayoijenga. Amesoma mahali kwamba valvu za kale zina "joto" ambalo za leo hazina.

Unajua alipata nini? ECH81, EF89, EABC80, EL84, EZ80, na EM80, lile jicho la kijani linaloonyesha kama umeshika stesheni vizuri. ECC83 hata moja hakuna. Jicho lilipasuka mkononi mwake. Na hizo valvu zote sita zina pini tisa zilizopangwa sawasawa, kwa hiyo kila moja inaingia kwenye soketi ya mwenzake. Hakuwa ameandika ipi ilitoka wapi. Jamani! Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huhifadhi nakala ya kodi kabla ya kuivuruga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuhitaji hata bisibisi. Jina la valvu ya Ulaya ni maelezo kamili, safi kuliko kodi nyingi ninazolipwa kuzisoma. Herufi ya kwanza ni hita: E ni volti 6.3, D ni volti 1.4 za betri (DK96 na DL96 zilikuwa za redio za nyumba zisizo na stima). Herufi zinazofuata ni kilichomo ndani ya kioo: A daiodi moja, B daiodi mbili, C trayodi, F pentodi ya mawimbi, L pentodi ya nguvu, M jicho. Namba ikianza na 8, kitako ni cha pini tisa. Kwa hiyo EABC80 ni daiodi tatu na trayodi moja, na katika redio nyingi za spika moja za enzi hiyo trayodi hiyo ndiyo iliyokuza sauti kabla ya kuipeleka EL84. ECC83 ingefanya nini humo?

Sasa kabla hamjanicheka kwamba namsema mwenzangu, nami nimeliwa. Mwaka juzi niliagiza jozi ya "Mullard ECC83" kutoka ng'ambo, kwa pesa ambazo zingelipa kodi ya nyumba yangu hapa Ruiru mwezi mzima. Boksi zuri, maandishi meupe, ngao ya Mullard. Nikazifuta vumbi kwa kidole na ngao ikabaki kwenye kidole.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma badala ya kuamini. Mullard ilikuwa mali ya Philips tangu 1927. Viwanda vya Philips viliweka alama ndogo kwenye kioo chenyewe, karibu na pini: mstari mmoja wa aina ya valvu, mwingine wa kiwanda na tarehe. B ni Blackburn, Uingereza; pembetatu ni Heerlen, Uholanzi. Hiyo haifutiki kwa kidole. Zangu hazikuwa na alama yoyote. Na hata boksi likiwa halali, Mullard yenyewe iliwahi kubandika jina lake kwenye valvu za viwanda vingine. Siku hizi jina limeuzwa, na kwa miaka mingi limechapishwa kwenye valvu zinazotoka Saratov, Urusi. Telefunken wana almasi iliyobonyezwa chini ya kioo katikati ya pini, na hiyo nayo wajanja wameshaanza kuighushi.

Lakini tuseme umepata ya Blackburn kweli, haijatumika, bei unaiweza. Je, ndiyo unayoihitaji? Swali hili hakuna anayeliuliza! ECC83 ina kipimo cha ukuzaji cha 100. ECC81 ni 60. ECC82 ni 17 tu. Kichezeshi cha CD hutoa karibu volti 2, na amplifaya nyingi zinatosheka na volti 1 hivi. Yaani huna cha kukuza. Ukiweka ECC83 hapo, ukigusa kitufe cha sauti tu majirani wanagonga ukuta, halafu mvumo wa valvu unapanda pamoja na muziki. Tena ukinzani wake wa ndani ni zaidi ya kiloohm 60, dhidi ya karibu 8 za ECC82, kwa hiyo waya mrefu unaionea. Kwa kazi hiyo ECC82 ya kawaida, mpya, kutoka JJ ya Slovakia, inaishinda ECC83 ya dhahabu. Mahali pa ECC83 ni kwenye santuri, ambako sindano inatoa milivolti tano hivi na kila ukuzaji unahesabika. Hapo chagua kwa makini, na chagua iliyo kimya. Jina halisikiki.

Utajuaje iko kimya? Badilisha ya kushoto na ya kulia. Kelele ikihama, ni valvu. Isipohama, tafuta rezista mbovu. Hivyo ndivyo tunavyosaka hitilafu kwenye programu kila siku. Igonge kwa penseli: ikilia kama kengele, usiiweke kwenye santuri. Ule weusi unaong'aa kama kioo juu ukigeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia, tupa. Na ukifungua kifuniko, kumbuka kapasita hubaki na volti 250 na zaidi hata ukiwa umechomoa plagi.

Kuhusu lile "joto": nilirekodi priampu yangu kwa valvu tatu tofauti, nikasawazisha viwango vya sauti, nikaandika kijiprogramu cha kuzicheza bila mpangilio na kuficha ipi ni ipi. Tulikuwa wanne. Hakuna aliyefanya vizuri kuliko kurusha sarafu, nami nimo, na mwenye Thika yumo. Akasema spika zangu ni mbaya.

Redio ya shosho tuliibeba kwa matatu hadi Ruiru, kwa mzee mmoja fundi ambaye alikuwa akilehemu soketi hizi kabla sijazaliwa. Hakutuuliza tulisoma wapi. Alifuata waya za kila soketi kwa multimita, akaandika majina kwa penseli kwenye chasi, akarudisha tano. "Kijana," akaniambia, "ungeandika kwanza." Nikamwambia si mimi. Hakuniamini.

Inaongea sasa. Shosho amerudishiwa taarifa zake za asubuhi, ila anashika stesheni kwa sikio, maana lile tundu la jicho bado ni giza. Natafuta EM80. Jina lolote, hata lisilo na jina, mradi liwake.