Bajeti Haipikwi Mwezi wa Juni

Kila mwezi wa Juni taifa hutulia kumtazama Waziri wa Fedha akiingia Bungeni na mkoba wake. Kibera na Kawangware redio hufunguliwa, na watu wakatega masikio: je, unga umepanda? Na mafuta ya taa? Sisi twasema kwamba angojaye siku hiyo ndipo aulize habari za bajeti ni sawa na mgeni afikaye karamuni vyombo vikioshwa.

Ratiba imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Kufikia tarehe 30 Agosti Hazina ya Taifa huziandikia wizara waraka wa kuanza kazi. Kufikia 15 Februari Bunge hupokea taarifa ya sera ya bajeti, ambamo kila sekta hupangiwa kikomo chake cha fedha. Kaunti nazo huwasilisha mpango wao kufikia 28 Februari. Kufikia 30 Aprili makadirio kamili huwa yamefikishwa Bungeni na katika mabunge ya kaunti, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha huanza. Shilingi iliyokosa nafasi Februari si rahisi kuipatia nafasi Juni.

Zamani haikuwa hivi. Enzi za chama kimoja bajeti ilikuwa siri ya wakubwa, na Bunge lilibaki kugonga muhuri. Matunda ya usiri tuliyaona katika kashfa ya Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 1990, mabilioni ya shilingi yalipolipwa kwa ajili ya dhahabu ambayo nchi haikuwa nayo. Waliouawa siku za Saba Saba, Julai 1990, hawakufa ili tupate tu majina mengi zaidi kwenye karatasi ya kura. Katiba ya 2010 ilijibu kilio hicho: kifungu cha 201 chataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma, na kifungu cha 221 chaiamuru kamati ya Bunge kusikiliza maoni yao juu ya makadirio.

Mwaka 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha wakaukataa. Tarehe 25 Juni baadhi yao walipigwa risasi wakafa; kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Twawaheshimu. Lakini mswada ule ulihusu kodi, na kodi ni nusu tu ya bajeti. Nusu ya pili ni matumizi, nayo aghalabu hupita kimya.

Mama wa Kawangware anunuapo sabuni hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, sawasawa na tajiri wa Kileleshwa. Wote wawili wamo katika eneo bunge moja, Dagoretti Kaskazini. Wakilipa kwa kiwango kimoja, kwa nini sauti zao zisipimwe kwa mizani moja mitaro na zahanati zinapogawanywa?

Twavijua vikwazo. Hati ni nene na lugha yake ni Kiingereza cha wahasibu. Matangazo ya vikao huchapishwa katika magazeti ambayo wengi hawayanunui. Ndiyo maana kazi hii yalihusu kanisa. Kila parokia na kila jumuiya iteue watu wawili wa kuifuata kalenda na kuwafafanulia wenzao kwa Kiswahili. Wajue pia mlango wa kubisha: zahanati, taka, maji na mitaro ni wajibu wa kaunti, shule za msingi na polisi ni wa Serikali ya Taifa. Sheria hiyohiyo ya 2012 imeyatengea makundi ya kidini kiti katika jukwaa la bajeti na uchumi la kila kaunti. Ulizeni ni nani anakikalia kwa niaba yenu, na amesema nini. Wakiwanyima hati, wakumbusheni kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Injili yamsifu mjenzi akadiriaye gharama kabla ya kuanza mnara wake. Hapa kwetu gharama hukadiriwa kila mwaka, na anayelipa hayuko mezani. Haki ya kupiga kura tuliipata kwa jasho na damu. Haki ya kuhesabu fedha zetu imekwisha kuandikwa. Iliyobaki ni kwenda kuitumia, tena mapema.